Molokai kuna majimbi, lakini si Pemba

Tishari la mizigo kutoka Honolulu likikwamishwa na bahari, rafu za maduka ya Kaunakakai, mji wa kisiwa cha Molokai huko Hawaii, huanza kuwa na mapengo. Mpemba atacheka, maana habari ya chombo kukwama hafundishwi na mtu. Ndipo Waswahili wachache wanaofika huku wanapojidanganya: wameona minazi, majimbi, mishelisheli, viatu vimevuliwa mlangoni, watoto wanamwita kila mtu mzima anti na anko, basi wanasema hapa ni kwetu. Si kwetu. Kuna walipotupita mbali, na kuna pengine mtu wa Wete anaishi vizuri kuliko wao.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 60 hivi na upana wa 16, na watu kama 7,000 tu. Pemba tumevuka nusu milioni. Taa za kuongozea magari hakuna hata moja. Feri ya kwenda kisiwa jirani cha Maui ilisimama mwaka 2016, kwa hiyo mgonjwa mwenye rufaa ya kwenda Oahu, kisiwa chenye Honolulu, anapanda kindege cha abiria tisa, na kabla ya kupanda anapimwa uzito yeye na mkoba wake. Hapo Mpemba ana nafuu. Anaingia melini na gunia lake la ndizi, na hakuna anayemuuliza ana kilo ngapi.

Sasa ujirani. Mgeni akikuta mfuko wa samaki umening'inizwa mlangoni hudhani ni ukarimu tu. Ni ukarimu, lakini ni hesabu ya chakula pia. Jopo la gavana lililochunguza jambo hili miaka ya 1990 lilikuta kuwa karibu asilimia 28 ya chakula cha kaya za Molokai kilitokana na kuvua, kuwinda, kuokota na kulima. Kwa familia za Wahawaii wenyeji ilikuwa 38. Sahani hairudi tupu, kama kwetu. Ila usiirudishe jioni ileile kama mtu anayelipa deni.

Baharini wana ukali ambao sisi tumeuachia watu wa mikutano. Samaki aitwaye moi havuliwi Juni hadi Agosti. Amaama, yaani mkizi wao, hukatazwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi. Wote wawili, wakiwa chini ya inchi 11, hurudishwa majini. Opihi, yule mdudu wa mwambani mwenye gamba kama kofia, lazima gamba lizidi sentimita tatu. Huyu anaitwa samaki wa mauti, na si kwa sababu ana sumu: anakaa pale mawimbi yanapovunjika. Mmoja abandue, mwenzake atazame bahari, na asiwepo wa kuipa mgongo. Kwetu Kisiwa Panza wamefunga miamba ya pweza ili akue, kwa hiyo tunajua namna. Tatizo letu ni nyavu za macho madogo, na aliyezishika ni mjomba wa mtu, nani atamsema?

Nije kwenye majimbi, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Kwetu jimbi ni la kuchemsha au la kupika kwa nazi, futari ya Ramadhani, basi. Kule ni kalo, na kalo ni kaka mkubwa wa binadamu katika hadithi yao ya asili, kwa hiyo hakuna anayelidharau. Mbegu ni huli: unakata kichwa cha jimbi ukiacha kipande chembamba cha kiazi, mashina ya majani yabaki kama shubiri moja, majani yenyewe unayaondoa. Unalichomeka kwenye jaruba la maji. Maji lazima yatembee. Yakisimama hupata joto, na joto huleta kuoza kwa kiazi. Unang'oa baada ya miezi 12 unakuta nusu yake ni uji. Konokono walioletwa kutoka nje hutafuna mche ukiwa mchanga, na mayai yao ya waridi huonekana kwenye mabua juu ya maji. Yanapondwa kila siku. Mwenye kidonda mguuni haingii jarubani, kwa sababu mkojo wa panya huleta homa ya leptospira.

Kula kwake ni kuponda. Kiazi huiva kwa mvuke saa mbili au tatu, na lazima kiive kabisa, maana kisipoiva huwasha koo vilevile kama cha Konde kwetu Pemba. Humenywa kingali moto, hupondwa kwa jiwe juu ya ubao, kwanza bila maji mpaka kinavutika kama unga wa mkate. Kikipoa kabla ya kupondwa, hubaki mabonge. Kikavu hicho kinakaa siku nyingi. Ukikitia maji ndipo kinakuwa poi, na baada ya siku mbili tatu kinachachuka. Wazee wanapendelea huo uchachu. Aliyezoea togwa hatashangaa.

Na ile kazi ya imu, yaani tanuri la shimoni, ndiyo inayonifanya niandike. Kuni ni kiawe, ndugu wa mathenge uleule uliovamia Baringo na Tana River na kung'oa meno ya mbuzi. Huko Kenya ni kilio. Huku ni mkaa bora na asali, ingawa mwiba wake unapenya ndala. Mawe yanachaguliwa ya volkano, yenye matundu. La mtoni halitiwi, lina maji ndani, hupasuka likaruka usoni. Moto unawaka saa mbili au tatu mpaka mawe yawe meupe, kisha vigogo vya migomba vilivyopondwa, majani mapana ya mmea uitwao ti, nguruwe, magunia mabichi, turubai, udongo. Anayetazama hutafuta mvuke unaotoka kando: penye tundu hutupiwa udongo upesi, la sivyo nyama itakuwa mbichi upande mmoja asubuhi. Mwislamu hali, lakini kuchimba anachimba.

Sherehe ya mtoto kutimiza mwaka hufanywa hivyo, kwa mikono. Huyu analeta kuni, yule anachimba, wengine usiku kucha wanakata matunda. Kwetu harusi imekuwa kadi na namba ya simu ya kutuma pesa, na jina lako linasomwa kwenye kundi la WhatsApp kama hujatuma. Aliyefilisika mwaka huo anajificha. Huku aliyefilisika ndiye anayepewa koleo.

Lakini koleo halilipi umeme. Mwaka 2008 kampuni yenye theluthi ya kisiwa ilifunga shughuli zake baada ya wenyeji kupinga mradi wake wa nyumba za kifahari huko Laau, na watu zaidi ya 100 wakakosa kazi. Nungwi tungeomba hoteli hiyo ijengwe, halafu tungelalamika kufungiwa ufuo. Wao walikataa, na watoto wao wengi wako Las Vegas leo, wakipokea poi ya kugandishwa kwa ndege.