Madereva wa Formula 1 hawaiogopi Jeddah, wanataka waone mbele

Kila mbio za magari za Formula 1 zikienda Jeddah, Saudi Arabia, mtandaoni inaanza hadithi ile ile, eti madereva wa siku hizi waoga, wanalipwa mamilioni halafu wanalalamikia kuta. Hoja ya madereva, kwamba wanataka tu kuona mbele, naona haieleweki hata na watu wanaofuatilia hizi mbio kila wikiendi.

Wanaoipenda Jeddah wana sababu zao na ni za kweli. Kilomita 6.174 pembeni ya Bahari ya Shamu, kona 27, mbio za usiku, na sisi huku saa yetu na yao ni moja kwa hiyo hakuna kuamka alfajiri. Desemba 2021, mbio za kwanza kabisa pale, dereva Verstappen alikuwa anaelekea kuongoza mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, akabakiza kona ya mwisho tu, akagonga ukuta, akaanza wa tatu. Pangekuwa na lami pana pembeni angetoka akarudi na tungeshasahau. Halafu 2024 Bearman, kijana wa miaka 18, akaingizwa kwenye Ferrari ghafla kumbadili Sainz aliyekuwa mgonjwa, akamaliza wa 7 bila ajali. Kwa hiyo anayesema kuta zina thamani yake mimi simpingi.

Sasa shida iko hapa. Hamilton mwaka 2021 aliongoza mchujo kwa dakika 1 na sekunde 27.511, ukipiga hesabu ni wastani wa kilomita 254 kwa saa, WASTANI, na kona zake zote 27 humo humo. Hiyo ni mita 70 kila sekunde. Ukichukua robo sekunde tu kugundua kuna kitu mbele umeshapita mita 17, yaani urefu wa magari matatu ya Formula 1, na mguu bado haujafika kwenye breki. Kwenye uwanja wa wazi sio tatizo kubwa, unaona mbali. Jeddah ile ardhi ni nyembamba, ili upate uwanja mrefu ilibidi barabara ipindepinde kushoto kulia katikati ya kuta, kwa hiyo kona nyingi dereva haoni zinakoishia, anaingia kwa kuamini tu. Halafu wakati wa mazoezi na mchujo kuna wengine wanatembea taratibu wanapoza tairi. Ni kama utoke kwenye kona ya barabara kuu ukute daladala imesimama katikati, ila wewe uko kwenye 250.

Na hili limeshatokea. Mazoezi ya 2021 Mazepin alimkuta Hamilton anatembea pole pole, akamkwepa kwa bahati, timu ilichelewa kumwambia Hamilton kuna mtu anakuja nyuma, Mercedes ikapigwa faini euro 25,000. Siku ya mbio zenyewe Perez akazunguka, Russell akapunguza mwendo, Mazepin akaja nyuma akamgonga. Na mwaka uliofuata Mick Schumacher akagonga ukuta vibaya kwenye mchujo, akapelekwa hospitali, hakuumia lakini mbio hakushiriki. Gari likigonga ukuta ulio karibu hivyo halina pa kwenda, linarudi barabarani, na anayekuja nyuma haoni kitu.

Wanaowaita waoga wangetazama kilichofuata. Mwaka 2022 kuta zilisogezwa sehemu kadhaa ili madereva waone, 2023 kona za 22 na 23 zikarekebishwa zipunguze kasi. Je mbio zilikufa? Hizo kuta zikiwa zimeshasogezwa ndio Leclerc na Verstappen walipokezana uongozi kabla ya kona ya mwisho 2022. Na 2025 Verstappen aliongoza mchujo kwa 1:27.294, yaani haraka kuliko Hamilton kabla hawajagusa kitu! Magari yamebadilika sawa, lakini hakuna anayeweza kusema uwanja umelegezwa.

Kilichobaki ni kigumu zaidi kwa sababu nafasi haipo, changarawe ya kusimamisha gari lililotoka njiani utaiweka wapi. Kile kikomo cha muda wa mzunguko kwenye mchujo kilichoanza 2023, ili watu wasitambae, kimesaidia, na kwa uwanja kama huu mimi ningekikaza zaidi hata mazoezini.

Saudi Arabia wana mpango wa uwanja mwingine, Qiddiya, kona ya kwanza imepangwa kupanda mpaka mita 70 hivi juu, na kilele chochote kinaficha upande wa pili. Angalau huo mchoro, pamoja na Tilke, mchoraji wa viwanja, yumo Alexander Wurz, dereva wa zamani na mwenyekiti wa chama cha madereva, kwa hiyo haya maswali ya kuona mbele yana mtu wa kuyauliza tangu mchoroni.