Kompaila ikigoma, usikimbilie kufuta mfumo

Hapa Mtwara kompyuta ikisumbua, ushauri utakaopewa kuanzia Magomeni hadi Mikindani ni ule ule: piga windo upya. Siupendi ushauri huo kwa mashine yoyote. Kwa mashine ya Gentoo, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, ndiyo kabisa siukubali, maana huko kufuta ni kutupa siku nzima za kazi na bando lililonunuliwa kwa shida.

Kijana mmoja aliniletea laptop yake jioni. Alikuwa anapandisha GCC kutoka toleo la 13 kwenda la 14. Kwenye Gentoo programu nyingi hupakuliwa zikiwa msimbo mtupu, halafu mashine yako yenyewe inazikompaili, yaani inazigeuza kuwa programu zinazoweza kuendeshwa. GCC ndiyo kompaila inayofanya kazi hiyo, kwa hiyo ikigoma mtu huona nyumba nzima imekosa jiko.

"Kaka, mfumo umekufa. Nifute nianze upya?"

"Haujafa, mdogo wangu. Tusome kwanza imeandika nini."

Hili ndilo ninalotaka vijana wetu walielewe. Portage, programu ya Gentoo inayosimamia usakinishaji, haigusi mfumo wako wakati inakompaili. Kazi yote inafanyika kwenye saraka ya pembeni, /var/tmp/portage, na mafaili huhamishiwa kwenye mfumo pale tu kila kitu kinapokamilika. Kazi ikikatikia njiani, GCC ya zamani ipo palepale, nzima. Anayefuta diski kwa sababu hiyo anabomoa nyumba isiyo na ufa.

Kijana alikuwa amesoma mstari wa mwisho tu, "make: *** Error 2", akaukopi na kuutafuta intaneti. Mstari huo hausemi chochote zaidi ya kwamba kazi imesimama. Kazi zikiendeshwa nyingi kwa pamoja, kosa lenyewe linaweza kuwa mamia ya mistari juu yake. Tulifungua build.log, faili la kumbukumbu za kazi hiyo, tukapanda taratibu hadi tulipokuta cc1plus, sehemu ya GCC inayokompaili C++, imeuawa. Tukaandika dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa keneli (kiini cha mfumo), nayo ikatoa ushahidi wake: kumbukumbu imekwisha, mchakato umeuawa.

Laptop ina RAM ya gigabaiti 4. Kwenye make.conf, faili la mipangilio ya Portage, alikuwa ameweka MAKEOPTS="-j8", yaani kazi nane kwa pamoja, kaiga kwa mtu mwenye mashine kubwa, na saraka ya kukompailia ameiweka ndani ya RAM hiyo hiyo kwa tmpfs, diski ya kubuni inayokaa kwenye RAM. Kila kazi moja ya kukompaili hukadiriwa kuhitaji gigabaiti 2. Yeye aliita nane, kisha akazinyang'anya hata pa kukalia.

Tukaiondoa tmpfs, tukatengeneza faili la swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) la gigabaiti 4, tukashusha hadi -j1. Hatukupakua tena kitu. Msimbo wa GCC ulikuwa bado umehifadhiwa kwenye /var/cache/distfiles. Hapo bando lilipona.

Ilichukua usiku kucha, na ni haki yake. GCC hujikompaili mara tatu: kwanza kwa kompaila ya zamani, kisha kwa ile iliyozaliwa, kisha tena kwa ya pili, halafu matokeo ya mara ya pili na ya tatu yanalinganishwa. Yakitofautiana, inakataa kuendelea. Mimi naiheshimu sana tabia hiyo.

Asubuhi "gcc-config -l", amri ya kuorodhesha GCC zilizopo, ikaonyesha zote mbili, ya 13 na ya 14, na nyota, alama ya inayotumika, bado iko kwa ya zamani. Wengi hukwama hapa wakidhani upandishaji umeshindikana, kumbe hawajachagua. Tukachagua ya 14, tukaandika "source /etc/profile" ili terminali ipokee mabadiliko, tukakompaili programu ndogo mbili kuijaribu.

Tangu Desemba 2023 Gentoo wanatoa pia vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa. Mwenye RAM ndogo avitumie bila aibu, hasa kwa mizigo kama hii.

Kijana alitaka kuiondoa GCC 13 palepale kwa depclean, amri ya kuondoa visivyohitajika tena, ili apate nafasi. Nikamzuia. Aitumie hiyo mpya kwanza, akompaili keneli yake na programu anazozitegemea, aone zinawaka. Nafasi hiyo ya diski inaweza kusubiri wiki mbili.