Nionyesheni Kwanza Mrija Mtupu

Kila nikisoma utafiti wa jamii za bakteria uliofanywa kwa kusoma DNA, naruka michoro ya rangi na kutafuta habari za mrija mtupu. Nisipoziona, imani yangu hupungua palepale.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtafiti hutia udongo kidogo kwenye mrija wenye kemikali na shanga ndogo ngumu, akautikisa kwa mashine mpaka kuta za seli zipasuke na DNA imwagike. Huisafisha, akanakili mara nyingi sehemu ya jeni ya 16S, ambayo bakteria wote wanayo lakini hutofautiana aina kwa aina, kisha mashine ikaisoma herufi kwa herufi ili ipatikane orodha ya bakteria waliomo. Pembeni kuna mrija mwingine unaopitia hatua hizohizo, kwa shanga na kemikali zilezile, ila hautiwi udongo. Chochote kitakachosomwa humo hakikutoka shambani.

Na mara nyingi kinasomwa kitu. Kemikali zenyewe huja na masalia ya DNA ya bakteria. Mwaka 2014 Susannah Salter na wenzake walilionyesha hili kwa jaribio ninalolipenda mno. Walichukua bakteria wa aina moja tu, Salmonella bongori, waliooteshwa peke yao, wakawazimua mara kumi, kisha mara kumi tena, na tena. Mwanzoni orodha ilikuwa Salmonella watupu. Kadiri walivyozimua ndivyo wageni walivyozidi, hadi wakamfunika mwenye nyumba.

Kwenye kinyesi au udongo, ambako bakteria wamejaa, wageni hao hawasumbui sana. Balaa iko kwenye damu, mapafu, kondo la nyuma. Mwaka huohuo wa 2014 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kondo lina jamii yake ya bakteria, na nadharia nyingi zikajengwa juu ya habari hiyo. Mwaka 2019 kundi la Cambridge lililopima kondo za wanawake zaidi ya 500 lilikuta kwamba karibu bakteria wote walioonekana walitoka kwenye kemikali za maabara au waliingia wakati wa kujifungua. Aliyebaki hasa ni Streptococcus agalactiae, kwa asilimia 5 hivi ya wanawake, naye anaweza kumdhuru vibaya mtoto mchanga. Huyo ndiye wa kumjua, na kelele za wageni zingeweza kumficha.

Sibezi njia hii hata kidogo. Ni kwa kulinganisha molekuli za 16S kwamba Carl Woese na George Fox, mwaka 1977, walitambua kundi zima la viumbe, arkea, ambalo lilikuwa likihesabiwa miongoni mwa bakteria. Tena bakteria wengi hawakubali kuota kwenye sahani za maabara. DNA ndiyo iliyotufikisha kwao.

Lakini mrija mtupu unakula fedha kama sampuli yoyote na hauleti ugunduzi, kwa hiyo bajeti ikibana ni rahisi kuukata. Majarida yaukatae utafiti usio nao, hasa wa sehemu zenye bakteria wachache, na yadai data zake ziwekwe wazi pamoja na nyingine. Na yule aliyekaa hadi usiku akiandika namba kwenye vifuniko, akahakikisha mitupu imefuatana na sampuli tangu hatua ya kwanza, jina lake lisiishie kwenye shukrani. Liwekwe juu, pamoja na waandishi.