Kifungo cha Mjerumani

Mimi ni fundi cherehani. Miaka 26 niko Ngamiani, hapa Tanga, nyuma ya cherehani ileile ya miguu, na kama kuna kitu kimoja nakijua hapa duniani, ni kifungo. Cha macho manne, cha macho mawili, cha kikonyo nyuma. Ninavyo kopo zima la maziwa ya unga, vya kila rangi. Lakini mtu akija na shati lililokatika kifungo nikamwambia mia mbili, ananitazama kama nimemwambia auze kiwanja cha marehemu baba yake.

"Mia mbili? Fundi, kifungo tu?"

Kifungo tu. Haya. Sasa nisikilizeni.

Mwezi uliopita shemeji yangu, kaka yake Mama Zuhura, kanijia na mfuko mrefu begani. Nikadhani kauza mbuzi kanunua gitaa. Kumbe ni ditekta, ile mashine ya kutafutia madini, kainunua mkononi kwa mchimbaji mmoja aliyerudi kutoka Geita, kwa bei ambayo mama yake hajaambiwa mpaka leo.

"Shemeji," akaniambia, "umaskini basi."

Ile kauli naijua. Aliitoa mwaka wa sungura. Akaitoa mwaka wa kware, na kware wakaliwa mchuzi. Safari hii ni mali ya Mjerumani.

Kama hukukulia huku kwetu, nikufahamishe. Kuanzia Tanga mjini mpaka Usambara juu, kila kijiji kina mtu ambaye babu yake alimwona Mjerumani kwa macho yake mawili akifukia sanduku chini ya mti. Hapa mbuyu, pale mkwaju, kule mwembe. Ukiyahesabu masanduku yote hayo, utaona yule bwana vita hakupigana kabisa. Kutoka 1914 mpaka 1918 alikuwa anachimba mashimo tu. Na mimi huwa najiuliza: mtu anakimbia adui, dhahabu anayo, anaiacha? Mbona Mama Zuhura gesi ikinukia tu anatoka na kibubu chake, mume anabaki ndani?

Lakini shemeji huwezi kumweleza kitu. Ana picha kwenye simu: sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ina tembo mbele ya mlima, ilipigwa Tabora mwaka 1916 Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari wakaishiwa fedha. Hiyo ni kweli, haikufinyangwa na waganga, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Tatizo ni yale aliyoyaongeza mwenyewe. Eti rupia ya Mjerumani inavuta mchele. Ukiisogeza karibu na punje, punje zinaifuata kama kuku wanaomfuata mwenye mtama. Basi akabeba mchele wa kupimia, nusu kikombe, kwenye mfuko wa shati. Mchele wa jikoni kwangu, tafadhali.

Nilikataa kwenda. Mama Zuhura akasema, "Nenda na kaka yangu, asije akaumia." Ukisikia hivyo ujue hukuulizwa.

Tulikwenda upande wa Ras Kazone, kwenye kichaka cha mzee mmoja aliyetuambia chimbeni, mradi mkipata kitu tugawane na mashimo myafukie. Mahali penyewe nilipachagua mimi. Darasani nilikuwa nalala, lakini vita ya Tanga niliisikia kwa babu, na kile kipande cha nyuki nilikuwa naamka. Tarehe 2 Novemba 1914 Mwingereza alifika na meli zake, watu kama 8,000, wengi wao wametolewa Bara Hindi wakiwa wamechoka na bahari. Mjini walikuwapo kina Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, watu kama 1,000 tu. Waingereza waliteremkia huku Ras Kazone, wakaenda kwa miguu kuelekea reli, risasi zikalia, na mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ikatikiswa. Nyuki hawakuuliza nani wa Kaiser na nani wa Mfalme George. Waliuma wote, ila waliokuwa wanakimbia ndio waliosimulia zaidi, na Waingereza wengine wakaapa kwamba Mjerumani ndiye aliyewatega. Tarehe 5 walikwisharudi melini. Si tunasema wenyewe, Tanga waja leo waondoka leo?

Walichokiacha ufukweni ndicho kinachoniuma mimi kama fundi. Watu husifu bunduki 455, bombomu 16 na risasi laki sita. Mimi nasema makoti! Makoti na mablanketi ya kutosha jeshi. Lettow kavalisha watu wake bure. Baadaye nguo zilipokwisha, ilibidi wasokote pamba ya hapahapa na kuipaka rangi ya miti ili ipate ule ukaki. Kuna fundi mahali fulani alishona zile nguo usiku kucha, na nakuhakikishia alilipwa kwa maneno.

Haya, ditekta. Ukiiona kwa mtu unadhani ni kutembea tu. Ina sahani mbele, mti mrefu, na kioo kidogo cha namba. Sahani inatuma nguvu zake ardhini, ikikuta chuma au shaba zinarudi, inalia. Chuma inakoroma. Shaba inalia nyembamba, kama mtoto aliyenyang'anywa ice cream. Shemeji akanipa somo hilo kwa sauti ya profesa, halafu akaiwasha pwani kwanza, kwenye mchanga wenye maji ya chumvi, ikapiga kelele mfululizo mpaka mbwa wakaitikia. "Dhahabu kila mahali!" akasema. Chumvi, shemeji. Hiyo ni chumvi.

Tukapanda juu kichakani. Saa mbili nzima nimeinama na kijembe. Nikuorodheshee mali ya Mjerumani? Vizibo vya soda. Misumari ya bati. Betri za tochi. Nusu ya kijiko. Ile pete ya kufungulia kopo la bia, ambayo mashine inailia sawasawa na inavyoililia dhahabu, namba zilezile, hata wazoefu inawatesa. Shemeji kaibusu pete ya kopo mara tatu. Halafu nikatoa zipu imeandikwa YKK. Nikaitazama vizuri, nikaitambua mishono yake. Suruali ile niliishona mimi. Mwenyewe ananidai eti ilichanika kabla ya wakati.

Mara moja mashine ilipiga ukelele mzito, kitu kikubwa, kiko chini. Shemeji akarusha kijembe juu kwa furaha. Mimi nikakumbuka kwamba mwaka ule manowari ya Mwingereza, Fox, ilisimama baharini ikaupiga mji mizinga, na si kila kombora lilikumbuka kulipuka. Nikarudi nyuma hatua 30, nikahesabu, nikaona hazitoshi, nikaongeza 20. "Shemeji mbona unakwenda?" Nakwenda kukojoa. Ilikuwa sufuria.

Sasa karibu na alasiri, chini ya mkorosho, ikalia nyembamba, safi, mara moja. Nikafukua shubiri moja. Kikatoka kitu cha duara, kijani kwa kutu, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Shemeji akapiga magoti, akatoa mchele wake, akaumwaga kwenye jani la mkorosho na kukishusha taratibu, midomo inatetemeka.

Punje hazikusogea. Wakaja siafu, wao ndio waliouvuta mchele.

Mimi nilikuwa nimeshakijua tangu kilipogeuka mkononi, kwa sababu nyuma kilikuwa na kikonyo. Nikakipangusa kwa mate na pindo la shati. Mbele kuna simba upande mmoja, farasi mwenye pembe moja upande wa pili, katikati ngao, juu taji. Nyuma, kuzunguka kikonyo, nikasoma herufi moja moja: LONDON.

"Kifungo," nikasema.

"Cha dhahabu?"

"Cha shaba. Cha askari wa Mwingereza."

Shemeji akakaa chini kama amefiwa. "Yaani hata Mjerumani mwenyewe hatukumpata?"

Lakini mimi, jamani, nilifurahi. Nikamweleza, ingawa hakuwa anasikia: kaki za nchi za joto zilifuliwa kila mara, na kifungo cha shaba dobi angekiponda. Basi fundi wao hakukishona kwa uzi. Alitoboa tundu kwenye nguo, akapitisha kikonyo, akakifunga kwa pete ndogo kwa ndani. Siku ya kufua unachomoa pete, vifungo vyote mkononi, nguo kwa dobi. Nani huyo alifikiria jambo zuri namna hii? Na pete ile haichomoki hivihivi. Ili kifungo kidondoke, mtu ameivuta nguo kwa nguvu, kwa pupa, aivue mara moja. Mimi sina ushahidi, ila naona nyuki.

Nilipoinua macho tulikuwa tumezungukwa. Watoto 14, mama wa mihogo na beseni lake, kijana wa bodaboda ameacha abiria, na mwenyekiti wa mtaa, amevaa kaunda suti ya rangi ya udongo, tumbo limetangulia.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Mnatafuta nini hapa?"

Shemeji kauma ulimi. Mimi kwa ukweli wangu nikajibu, "Kifungo, mwenyekiti."

"Mtakipata," akasema. "Tena cha miezi sita."

Watoto wakacheka. Akauliza kama tuna kibali cha watu wa Mambo ya Kale. Shemeji, huyu mtu sijui alilelewa na nani, akajibu, "Mambo ya kale gani mzee, hii mashine mpya." Basi mwenyekiti akanyoosha mkono, akakichukua kifungo changu, akakigeuza, akakitia mfukoni. Akasema hicho ni kielelezo, na tufukie mashimo yote, hata yale ambayo hatukuyachimba sisi.

Ningekuwa nimeishia hapo ningeshukuru. Lakini mji huu habari zake zinapanda baiskeli. Hatujafika Ngamiani, Ngamiani wanajua: fundi kapata sanduku. Kufika usiku limekuwa masanduku mawili na fuvu. Asubuhi mwenye nyumba yuko mlangoni, hata chai sijanywa, anataka kodi ya miezi mitatu mbele. Binamu wawili wakashuka kutoka Pangani na begi, wamekuja "kunisalimia tu," wako hapa mpaka leo na wanakula vizuri. Wateja ndio wameniua. Nikimdai mtu elfu mbili ya gauni, ananiangalia kwa huruma: "Fundi, wewe na dhahabu zako zile, na mimi mjane?" Mume wake anamsubiri nje kwenye baiskeli.

Mama Zuhura naye haniamini. Nimemwapia. Anasema sawa, mume wangu, kisha anapekua kopo la vifungo.

Juzi Alhamisi, nimeinamia mkono wa kanzu, nikasikia mtu anakohoa. Mwenyekiti. Kaunda suti iko mkononi, imekunjwa kwenye gazeti. Akaitandaza mezani, akanionyesha penye tumbo: kifungo cha tatu hakipo, kimeruka harusini baada ya pilau. Nikavuta kopo langu nitafute kinachofanana.

"Acha," akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakifungua.

Simba, farasi, taji. Kimesuguliwa majivu mpaka kinawaka.

"Mwenyekiti, si hiki ni kielelezo?"

"Ndiyo. Kielelezo lazima kikae mahali salama."

Hapakuwa na mahali salama kuliko tumbo lile, nikiri. Nikatoboa tundu, nikalizungushia uzi vizuri lisifumke, nikapitisha kikonyo, nikatafuta pete. Sina pete. Nikaitoa kwenye kishada cha funguo zangu, nikaibana kwa koleo. Ilinichukua karibu saa nzima, na sijawahi kufunga kifungo kwa heshima kiasi kile. Mwenyekiti akavaa, akajitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia, akavuta pumzi. Kikashika.

"Bei gani, fundi?"

"Mia mbili."

"Mia mbili? Kifungo tu? Tena nimekuja nacho mwenyewe!" Akatoka nje, tumbo linameremeta hadi kona ya msikiti. "Andika!"

Nimeandika. Ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya shemeji, ambaye bado ananidai nusu ya sufuria.