Hakuna aliyepewa lori la bure

Jumamosi kwenye harusi hapa Oakland, bwana mmoja mwenye heshima zake, ambaye hajawahi kukaa foleni ya bandarini hata siku moja, aliniambia tukiwa kwenye pilau kwamba wenye malori wa California wamedekezwa: wanachafua hewa, halafu serikali inawanunulia malori mapya. Nilinyamaza kwa heshima ya maharusi. Leo sinyamazi.

Shemeji yangu alikuwa na lori moja. Moja tu, injini ya mwaka 1999, akitoa makontena bandarini na kuyapeleka kwenye maghala, malipo kwa tripu. Akikaa foleni kwa muda wa saa nne, hasara ni yake. Januari 2010, kwa kanuni ya jimbo la California ya kupunguza moshi, malori yenye injini za kabla ya 1994 yakazuiwa kuingia bandarini, na yale ya 1994 hadi 2003 yakatakiwa kufungwa chujio la masizi. Ruzuku ilikuwepo, sikatai; kwa malori ya bandari ya Oakland zilitengwa kama dola milioni 22. Shemeji akasaidiwa sehemu, nyingine akatoa mfukoni, akafunga chujio. Tukamshukuru Mungu.

Shukrani za miaka minne. Kuanzia 1 Januari 2014, kanuni ileile ikataka injini zinazokidhi kiwango cha moshi cha mwaka 2007, na lori lake, pamoja na chujio lake, halikupitishwa tena getini.

Hapa ndipo ninapoumia. Tarehe zote mbili zilikuwemo kwenye kanuni tangu ilipopitishwa, Desemba 2007. Waliogawa fedha walijua kwamba lori wanalolifunga chujio litakataliwa baada ya miaka minne, na bado wakamwacha mtu mwenye watoto watatu atumbukize akiba yake humo. Najua watakavyojibu: gharama ya lori jipya moja ingefunga machujio kadhaa, na masizi yalikuwa yanaua watu. Sawa. Lakini basi mtu aliyelipia chujio angewekwa mstari wa mbele siku ya kubadilisha lori. Shemeji aliporudi kuomba, ofisi moja ilimjibu kwamba yeye ameshasaidiwa. Ameshasaidiwa! Akakopa, na mtu wa lori moja akikopa, riba anayoipata haifanani na ya kampuni yenye malori mia na mhasibu wa kujaza fomu. Kwa miaka sita nilimwona akitoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi watoto wamelala. Dada yangu alianza kuficha bili ili mumewe angalau ale kwanza.

Mwaka 2013 madreva wa Oakland waligoma zaidi ya mara moja wakidai muda zaidi na nyongeza kwa kila mzigo. Watu waliwaita wabishi, maadui wa hewa safi. Hao hao ndio waliokaa ndani ya moshi huo kutwa nzima, kuliko mtu yeyote.

Na kanuni yenyewe ilifanya kazi, lazima niseme. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima moshi wa malori yakipita chini ya daraja njia ya kwenda bandarini: kati ya 2009 na 2013 masizi yalipungua kwa asilimia 76. Watoto wa West Oakland, mtaa ulio jirani na bandari, wenye pumu walistahili hilo tangu zamani. Hata sharti la kuua lori la zamani kabla ya kupewa ruzuku ya jipya, injini kutobolewa tundu la inchi tatu na chesisi kukatwa, naliunga mkono, ingawa nilimwona rafiki yake shemeji akilia siku lake lilipotobolewa. Nimekulia Tanga, najua malori yaliyokataliwa kwa wenzetu huenda kumalizia moshi wake wapi.

Ninachokataa ni bili ya hewa hii kutupiwa mtu aliye nyuma ya usukani. Kontena lile lina mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuombwa kufunga chujio wala kukopa. Aongeze malipo kwa kila kontena, yaandikwe kwenye mkataba, yamfikie dreva mkononi bila kupita kwa dalali. Na ruzuku itolewe mara moja, kwa lori ambalo sheria haitalikataa kabla mkopo wake haujaisha.