Mgebuka Juu ya Dawati

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi kando ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, baba mmoja alisimama akiwa na daftari la sayansi la mwanawe wa darasa la tano. Alifungua kurasa za wiki nzima: michoro ya samaki tu. "Mwalimu, mtihani hauulizi utumbo wa samaki," akasema. Makofi yakapigwa.

Mzee huyo hakuongea ovyo. Mtoto anapimwa kitaifa kwa karatasi, na maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Mada ni nyingi, walimu wachache. Kuwapeleka watoto ufukweni nako ni dhamana nzito: kina cha ziwa hili huongezeka ghafla, mamba wapo, na mtoto akifa maji hakuna jibu litakalomtosha mzazi.

Ila hoja kwamba wanafunzi ni wengi mno kufundishwa kwa vitendo, ambayo ndiyo inayorudiwa zaidi, naiona inatetea upande usio wake. Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na watoto 100, kila mmoja anapata sekunde 24 za mwalimu. Sekunde 24! Na ni hizohizo hata mwalimu asipoondoka ubaoni. Wagawe makundi 10, apite kila kundi kwa dakika 4. Dakika 36 zilizobaki watoto wana kitu mbele yao cha kushika na kubishania. Wakinakili ubaoni, dakika hizo zinaishia kwenye kusubiri aliye mbele akae chini.

Nilikuwepo siku ya mgebuka, samaki wa ziwa hili anayekula dagaa. Mwalimu alimnunua alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, akamlaza juu ya kiroba kwenye dawati, akampasua tumbo. Ndani mlikuwa na dagaa wawili, mmoja bado anang'aa, mwingine kichwa kimeshaanza kuyeyuka. Waliokaa nyuma walipanda juu ya mabenchi. Binti mmoja akauliza, "Na dagaa naye kala nini?"

Mwalimu alijiandaa kwa swali hilo. Alikuwa amemwomba mvuvi amletee chupa ya maji yaliyotekwa usiku chini ya taa ya mtumbwi. Wakafunga madirisha, akawasha tochi ubavuni mwa chupa. Vidoa vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi, vikaanza kurukaruka kuelekea mwanga: viumbe hai, chakula cha dagaa. Kimya. Kisha mvulana mmoja akasema taratibu, "Ndiyo maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawapatikani." Hakuna aliyemfundisha sentensi hiyo. Mwezi ukiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena cha kuvuta.

Kupotea kwa ujuzi kama huo ndiko ninakokuhofia kuliko alama. Mtoto wa Kibirizi au Ujiji anajua mengi kuhusu ziwa kabla hajajua kusoma. Akifika shuleni anakariri maana ya mnyororo wa chakula bila kuambiwa kwamba ameula jana usiku na ugali. Anakua akiamini sayansi ni ya ubaoni, na anachokijua baba yake si elimu. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa ziwani ili samaki wazaliane. Nyumba nyingi zilikaukiwa. Watoto walisikia kwamba tumekatazwa. Ni wangapi waliwahi kumpasua samaki mwenye mayai wakaona kinachosubiriwa? Aliyeyaona anaweza kuukubali uamuzi ule au kuupinga, lakini kwa hoja.

Kilomita chache kaskazini yetu, Gombe, mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika mwaka 1960 bila shahada, akakaa, akatazama na kuandika, hadi akamwona sokwe akivua mchwa kwa ujiti. Watoto wetu wako jirani na msitu huohuo.

Sisemi ubao uondolewe. Sayari hazipasuliwi kwa kisu, na aliyemwona mgebuka bado anapaswa kujua kuandika "mmeng'enyo" bila kukosea. Wiki nzima kwa samaki mmoja ilikuwa ndefu mno. Vipindi viwili vingetosha, cha tatu kikawa cha maswali ya mtihani kuhusu kilekile walichokiona.

Na kosa kubwa zaidi la mwalimu ni kutowaambia wazazi anachokifanya. Baba aliyesimama na daftari ni mvuvi wa dagaa. Sababu ya kuweka taa pale anapoiweka anaijua kuliko sisi wote tuliokuwa kikaoni, na mpaka leo hajaombwa kuja kuwaeleza watoto.