Umekuwa wa ngapi?

Desemba ikiingia, magari kutoka Dar yanaanza kupanda Kibosho, Machame na Marangu, na watoto wa ukoo wanapangwa mstari kuwaamkia wageni. Shikamoo ikishaitikiwa, baba mkubwa anauliza: "Umekuwa wa ngapi?" Wa tatu anapata noti. Wa hamsini na sita anatumwa akalete kuni. Sijawahi kusikia mkubwa yeyote akiuliza, "Umejifunza nini mwaka huu?" Labda kwa sababu jibu lake ni refu na nyama imeshaiva.

Nasomea ualimu wa shule ya msingi hapa Moshi, na somo lililonikaa kichwani kuliko yote ni la ukuaji wa mtoto na ujifunzaji. Kadiri ninavyolisoma ndivyo swali la baba mkubwa linavyozidi kunikera. Mtihani wenyewe sina ugomvi nao. Ingekuwa amri yangu, watoto wangeulizwa maswali kila siku ya Mungu. Ugomvi wangu ni na ile nafasi tunayoiandika kwenye ripoti, hasa kwa watoto wa madarasa ya chini.

Tuanze na umri. Mtoto anazaliwa na ubongo wenye uzito wa kama robo ya ule wa mtu mzima, na akifika miaka sita umeshafikia karibu asilimia 90. Ukiishia hapo utadhani kazi imekwisha. Lakini sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayomwezesha mtu kutulia kwenye kazi, kujizuia asiropoke na kupanga lipi lianze, inaendelea kukomaa mpaka mtu anapofika miaka ishirini na kitu. Wanachuo wenzangu wengi, nami nikiwemo, hatujamaliza kukomaa huko mbele, halafu tunamshangaa mtoto wa darasa la kwanza anayegeuka kila bodaboda ikipita.

Sasa chukua watoto wawili walioandikishwa shule siku moja. Mmoja alizaliwa Januari, mwenzake Desemba ya mwaka huohuo. Kwa watu wa miaka arobaini, miezi kumi na moja si kitu. Kwa mtoto wa miaka sita ni karibu sehemu ya sita ya maisha yake yote, tena ni miezi ambayo lugha, vidole na utulivu vinabadilika upesi. Ukiwapanga wa kwanza hadi wa themanini, sehemu ya unachopima ni tarehe ya kuzaliwa. Tofauti hiyo imeonekana kwenye tafiti za nchi nyingi. Mtoto wa Desemba anaitwa kilaza tangu darasa la kwanza, na jina hilo halimsubiri atimize miezi yake kumi na moja.

Nichukue kosa moja dogo. Mtoto anaambiwa aandike "baba", anaandika "dada". Mwalimu anachora mkasi mwekundu. Ukweli ni kwamba maandishi yana umri wa miaka elfu chache tu, ubongo wa binadamu ni wa zamani zaidi, na hakuna aliyezaliwa na sehemu ya herufi kichwani. Stanislas Dehaene, mtafiti wa Ufaransa, ameonyesha na wenzake kwamba kusoma kunaazima eneo la upande wa kushoto, chini kuelekea kisogoni, ambalo kazi yake ya asili ni kutambua vitu na sura. Eneo hilo limezoea kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake uwe kulia au kushoto. Kwa b na d tunalitaka liiache kanuni hiyo, na ndiyo maana watoto wengi wa miaka mitano au sita hugeuza herufi. Ubongo wa mtoto huyo hauna kasoro. Unafuata kanuni iliyomfaa tangu azaliwe. Mwalimu akifungua daftari analiona hilo mara moja; akitazama "2/10, nafasi ya 71" haoni chochote.

Halafu kuna kusahau. Katika kila ofisi ya walimu utasikia: "Jana nimewafundisha, leo hawajui kitu!" kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: saa moja tu baada ya kukariri, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea, kisha upotevu ukapungua kasi. Silabi zisizo na maana hupotea upesi kuliko somo lenye maana, sawa, lakini kusahau ni kawaida ya kila kichwa, cha kipanga na cha kilaza.

Kinachosaidia ni kumfanya mtu akitafute alichokisahau nusu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kuandika lililokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano kundi la kusoma lilikuwa mbele. Baada ya wiki moja lilikumbuka kama asilimia 40, na wale waliojaribu kukumbuka asilimia 61. Walikuwa watu wa chuo kikuu, si watoto wa mitaa yetu ya Moshi kama Pasua au Njoro, ila faida ya namna hiyo imeonekana pia kwa wanafunzi wa shule za msingi.

Hapo ndipo ninapokereka zaidi. Tumekuwa na dawa mkononi siku zote, yaani swali, tukaitumia kupangia foleni. Na mahali pa swali tumeweka kukaririsha: darasa zima linaitikia "ba, be, bi, bo, bu" mpaka mabati yanatetemeka, lakini mtoto wa nyuma anafuata mdomo wa jirani yake. Hajatafuta kitu kichwani mwake. Amekisikia tu.

Fimbo nayo ina sehemu yake. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu wa shule na viandikwe kitabuni. Fimbo nilizoziona mezani hazikuwa na kitabu karibu. Hata nikiweka sheria kando, mtu mzima anaweza kushika akilini mambo kama manne tu kwa wakati mmoja, na mtoto pungufu ya hapo. Moja la hayo likiwa ni mkono wa mwalimu unapoelekea, hesabu ya kutoa kwa kukopa itakaa wapi?

Wazazi siwalaumu sana. Wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha tunayopelekwa shuleni, mama mmoja alinifuata: "Mwalimu, mimi bila nafasi nitajuaje kama mtoto anasoma?" Swali la haki kabisa. Nikamwambia, "Mama, anasoma mwenyewe maneno ya silabi mbili, ya silabi tatu bado anakwama. Kujumlisha mpaka ishirini anaweza, kutoa bado." Akasikiliza vizuri, akashukuru, kisha akauliza: "Na yule wa jirani yangu je?"

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa mwaka 2023, na kelele zilikuwa nyingi. Mimi niliona ni hatua ya maana. Lakini Baraza haliandiki ripoti ya darasa la pili. Hiyo tunaiandika sisi.

Najua tutakaloambiwa: darasa lina watoto themanini, mwalimu mmoja, na maswali ya kila siku yatasahihishwa na nani? Hayasahihishwi. Kwenye andalio la somo kuna dakika tano za utangulizi. Nauliza maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mtoto anaandika jibu kwenye kipande cha boksi kwa mkaa, au nyuma ya daftari kama boksi hakuna, na wote wanainua kwa pamoja nikihesabu tatu, ili asiwepo wa kusubiri mdomo wa jirani. Napitisha macho. Nusu yao wakikosea la wiki iliyopita, najua leo naanzia wapi. Hakuna alama, hakuna jina linaloandikwa, na aliyegeuza b nimeshamwona bila yeye kujua.

Mkufunzi aliyekuja kunikagua aliandika pembeni kwamba utangulizi wangu hauna wimbo. Nitauweka, wakishaweka maboksi chini.